Mmoja Kati ya Elfu Kumi na Moja

Profesa alianza kutikisa kichwa kabla Bulonza hajamaliza kuvua koti.

"Hapana. Hapana, hapana. Nani ameandika sentensi hii?"

"Mwendesha mashtaka wa Louisville."

"Na wewe ulipoisoma ulifikiri nini?"

"Nilifikiri kijana amekwisha."

"Na jopo la mahakama nalo litafikiri hivyo hivyo," alisema Profesa, akaitupa karatasi mezani.

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema nafasi ya Cyubahiro kuwa hana hatia ni moja tu kati ya elfu kumi na moja. Bulonza alikuwa ameibeba kutoka Louisville mpaka Columbus, asubuhi nzima barabarani, waipa zikipangusa theluji na yeye akiirudia kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili na kwa Kishi cha kwao. Kwa kila lugha ilitoka vilevile.

Zamani Bulonza alikuwa inspekta wa upelelezi Bukavu. Sasa, Februari hii ya mwaka 2015, alikuwa mpelelezi wa wakili mmoja wa utetezi pale Louisville. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mnene, mwenye kununa, asiyependa kuambiwa jambo mara mbili na asiyependa zaidi kuambiwa jambo asilolielewa. Na hili hakulielewa. Mwizi alimjua, muuaji alimjua, shahidi wa uongo alimjua hata kwa harufu. Lakini namba! Namba haitoi jasho ukiitazama machoni.

Kesi ilikuwa hivi. Majira ya baridi yaliyopita, Jumapili moja jioni, Minani, Mrundi aliyekuwa na duka la vyakula vya kwetu kule Okolona, kitongoji cha Louisville, alikutwa nyuma ya kaunta amepigwa kichwani, amekufa. Kando yake kulikuwa na kofia ya kufumwa ya sufu, nyeusi, yenye mstari mwekundu. Ndani ya kofia, jasho. Polisi wakawaomba mate vijana wote waliozoea kuingia dukani. Cyubahiro, mbeba maboksi wa ghala moja la huko huko Okolona, akafungua kinywa bila kuuliza. Maskini, angeuliza nini? Kule kambi ya wakimbizi walimpima damu, mate, mapafu na macho kabla ya kupewa ndege. Kwake yeye kumpa Mzungu mate ni sawa na kupanga foleni. Mate yakafanana na jasho. Na wiki ile alikuwa ameonekana akiingia kwa Minani kununua soda za dote ya dada yake Isaro, siku ya kutolewa mahari. Basi, ikawa kesi. Jumatatu ijayo inaanza kusikilizwa, na akishindwa atazeekea ndani.

"Nikuulize kitu," Profesa Ostrander alisema. Alikuwa mzee mrefu aliyefundisha sheria hapo chuoni kwa muda mrefu mpaka vitabu vikachukua viti vyote vya ofisi, na mgeni alikaa pale alipoondolewa rundo. Kazi yake ilikuwa moja: sayansi ikiingia mahakamani na namba zake, yeye anauliza namba hizo zinasema nini hasa. "Wewe unasali?"

"Nasali."

"Mchungaji wako huvaa tai?"

"Bila tai hahubiri."

"Wachungaji wote unaowajua?"

"Wote."

"Vizuri. Nje huko kuna mtu amevaa tai. Ni mchungaji?"

Bulonza alimkazia macho. Hakuja Columbus kufanyiwa mchezo wa watoto. "Nitajuaje? Anaweza kuwa muuza simu. Hata wewe umevaa tai."

"Na kuhubiri siwezi. Sasa ona alichofanya huyu bwana. Maabara imesema: tukimchukua mtu yeyote tu, nafasi ya kufanana na kofia hii ni moja kati ya elfu kumi na moja. Hayo ni maneno ya tai. Yeye akageuza: huyu amefanana, basi nafasi ya kuwa hana hatia ni moja kati ya elfu kumi na moja. Hayo ni maneno ya mchungaji. Amerukaje kutoka hapa mpaka pale?"

"Amedanganya?"

"Labda hajui. Ndilo baya zaidi. Louisville na vitongoji vyake ina wanaume wazima wangapi? Tuseme laki nne na nusu. Gawa."

Bulonza aligawa juu ya kiganja chake kwa kidole. "Arobaini na kitu."

"Basi wanaume arobaini wa mji wako wangefanana na kofia ile. Mmoja wao yuko jela. Wengine hakuna aliyewaomba mate."

Bulonza alihisi kama mtu aliyeshushwa gari katikati ya njia. Asubuhi kijana alikuwa amekwisha. Sasa walikuwa arobaini. Mbona ni karatasi ile ile?

"Bado," Profesa alisema, akiokota taarifa ya maabara. "Soma hapa. Kwa sauti."

Bulonza alisoma. Alikuwa ameisoma taarifa hiyo mara nyingi, na kila mara jicho lake lilikimbilia namba. "Miongoni mwa watu wasio na undugu," alisoma.

"Rudia."

"Wasio na undugu. Nimesikia, Profesa, mimi si kiziwi."

"Haya ndiyo maneno ninayogombana nayo mahakama baada ya mahakama. Kofia hii imetoa alama chache tu, jasho lenyewe lilikuwa kidogo. Kwa mtu baki, namba ni elfu kumi na moja. Kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, alama hizo hizo wanazigawana. Namba inaporomoka. Labda mmoja kati ya sitini. Kijana wako ana kaka au mdogo wa kiume?"

"Hana. Wamezaliwa wawili tu, yeye na dada yake."

"Nani amesema?"

"Polisi walitazama orodha ya familia waliyokuja nayo Amerika. Na mama yao amesema."

"Ulimwuliza mama mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Profesa aliinua mikono akaishusha. "Basi tumebaki na arobaini wetu. Nitakuja Jumatatu niwaeleze jopo, na watanisinzilia. Watu hawapendi arobaini wasio na majina. Wanataka mmoja mwenye uso." Alimsindikiza mpaka mlangoni. "Na usisahau hili la mwisho. Hata kofia ikiwa ya mtu fulani bila shaka yoyote, inaeleza aliyeivaa. Haielezi aliyempiga Minani."

Bulonza alishuka ngazi akiwa na kichwa kizito kuliko alipopanda.

Ndani ya gari alikaa bila kuwasha injini. Je, kuna aliyemdanganya, na nani? Alijaribu kupanga mambo kwa namna ya zamani, ya Bukavu. Kwanza alikuwa amemshuku Nshombo, mwalimu wa kwaya, kwa sababu aligombana na Minani mbele ya watu, kisa binti. Akamfuata mwezi mzima. Kumbe Jumapili ile Nshombo alikuwa kazini, kamera za ghala zinamwonyesha akisukuma toroli zamu yote mpaka usiku. Nshombo akabaki na aibu, Bulonza akabaki mikono mitupu.

Halafu ile kofia. Kule jela, nyuma ya kioo, Cyubahiro alisema neno moja tu na kulirudia: "Ile si yangu, Papa Bulonza. Yangu iko nyumbani, uliza mama." Bulonza akaenda kumwuliza mama. Nyirarukundo, mjane, mwanamke wa maneno machache, alikuwa kwenye kochi anafuma. Hakuinua macho. "Ya Cyubahiro ilipoteaka," alisema, na sindano zake hazikusimama. Tangu siku ile Bulonza alimhesabu kijana kuwa mwongo. Alipokuwa akitoka alipishana ngazini na bibi mmoja wa kanisani, Mukandoli, amebeba chupa ya chai, anaita hodi kuelekea mlango ule ule kwa sauti ya kuamsha jengo zima: "Mama Gatsinzi! Mama Gatsinzi, uko?"

Simu ililia. Ni mkewe.

"Baba Aganze, umekula?"

"Bado."

"Kichwa kigumu. Baba Aganze, nilikuwekea viazi kwenye begi, ya bluu, usiniambie hukuiona."

"Umeniitaje?"

"Nimekuitaje? Nimekuita jina lako! Baba Aganze. Baridi imekuingia kichwani?"

Bulonza aliishika simu kwa nguvu. Aganze ndiye mtoto wao wa kwanza. Tangu siku alipozaliwa, hakuna mtu wa kwao aliyemwita Bulonza kwa jina lingine nyumbani. Ndivyo ilivyo: mtu huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na jina hilo humfuata mpaka kaburini. Mtoto wa kwanza wa Nyirarukundo, kwa polisi, kwa wakili, kwa Amerika nzima, alikuwa Cyubahiro. Sasa Gatsinzi ni nani?

Ebo! Na yeye alipishana na jina hilo ngazini, akalisikia kwa masikio yake mawili, akaenda zake! Aliona haya, peke yake ndani ya gari. Huenda alidhani ni marehemu. Watu wa milima ya Kivu ya Kusini wamezika watoto wengi, na mwenye adabu haulizi.

"Sikiliza," alimwambia mkewe. "Bibi Mukandoli yuko karibu?"

"Yuko hapa hapa, tunachambua majani ya pondu."

"Mwulize Gatsinzi alikufa lini. Uliza polepole."

Alisikia swali likiulizwa, si polepole hata kidogo, na kicheko cha bibi kikijibu. Mkewe alirudi kwenye simu. "Anasema utubu. Gatsinzi hajafa. Yuko Buffalo, kwa Mzee Sebagabo. Si alikuja hapa kwenye dote ya Isaro? Anasema alicheza vizuri kuliko wote."

Bulonza aliwasha injini. Viazi alivila njiani, akielekea kaskazini.

Sebagabo aliishi Cheektowaga, kwenye nyumba ya mbao karibu na uwanja wa ndege wa Buffalo, mlangoni magari mawili na theluji iliyozolewa vizuri. Bulonza alilala kwenye hoteli ya bei rahisi, asubuhi akabisha. Alipokelewa kama inavyopaswa. Chai ya maziwa ililetwa, habari za Louisville zikaulizwa, wagonjwa wakatajwa mmoja mmoja. Sebagabo alikuwa mzee mwembamba, mpole, aliyekaa na mikono magotini.

"Mzee," Bulonza alisema chai ilipokwisha, "Gatsinzi ni mtoto wa nani?"

"Wangu."

"Wa kuzaa?"

"Uliza Amerika. Wameandika yeye iko mutoto yangu. Wewe unashinda Amerika kujua?"

"Marehemu mume wa Nyirarukundo alikuwa nani kwako?"

"Mudogo wangu. Tumbo moja."

"Na mkewe anaitwa Mama Gatsinzi."

Sebagabo hakuonyesha mshtuko. Alitazama dirishani, ambako ndege ilikuwa ikishuka chini chini mpaka vikombe vikatetemeka. "Bon," alisema. "Watu wanaitana majina mengi. Ongeza chai, Papa Bulonza."

"Cyubahiro atafungwa maisha, Mzee. Huyo pia ni damu yako."

"Najua."

"Gatsinzi anakaa wapi?"

Mzee aliweka kikombe chake mezani. Kisha akainuka, akamsindikiza mgeni mpaka kwenye gari, kichwa wazi katika baridi ile. Akamtajia nyumba, upande wa Kensington-Bailey, ghorofa ya juu, juu ya kinyozi. "Mimi sikukuambia kitu," alisema. "Kule kambini mutoto yangu alikufa na nafasi yake ilibakia kwenye dosiye, ile faili ya kuja Amerika. Dosiye yetu ilikuwa inatembea, ya mama ya Gatsinzi ilikuwa imelala. Donc, wewe uko Mukongomani. Mfa maji unamujua."

"Haachi kutapatapa."

"Njo vile," Sebagabo alisema, akarudi ndani.

Mlango wa juu ya kinyozi ulifunguliwa na Cyubahiro. Ndivyo Bulonza alivyodhani kwa nukta moja. Paji lile lile, macho yale yale ya kuinama. Kisha akaona kovu kidevuni na miaka michache ya zaidi.

"Gatsinzi?"

"Ndiyo, Papa. Ingieni."

Chumba kilikuwa na kochi, televisheni, na sare ya kazi ya kulea wazee imeanikwa kwenye hita. Gatsinzi aliondoa sare upesi akampa mgeni kochi, yeye akakaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Bulonza alijitambulisha.

"Cyubahiro ni nani kwako?"

"Mutoto wa baba mudogo."

"Mmechangia mama?"

"Hapana. Mama yangu ni bibi ya Sebagabo." Alijibu haraka, kama mtoto anayesema aya ya Biblia aliyokaririshwa.

"Unajua kwa nini yuko jela?"

"Walisema alipigana kwa duka. Mama... ule mama yake alisema tusipige simu sana, polisi wanasikiliza. Itaisha, alisema."

"Hakukuambia habari ya kofia?"

"Kofia gani?"

Bulonza amewahoji watu wengi, na alijua sauti ya mtu anayeigiza kutojua. Hii haikuwa hiyo. Akaeleza polepole. Kofia ya sufu. Nyeusi. Mstari mwekundu. Ilikutwa kando ya maiti ya Minani, jasho lake limefanana na mate ya Cyubahiro, na Jumatatu watu kumi na wawili wataambiwa kwamba kati ya watu elfu kumi na moja ni yeye tu.

Gatsinzi alinyanyua mkono taratibu, akaugusa utosi wake mtupu. Hakujua kwamba ameugusa.

"Zilikuwa ngapi?" Bulonza aliuliza.

"Nini?"

"Usinichoshe, kijana. Kofia. Mama yako alifuma ngapi?"

"Mbili," Gatsinzi alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Mbili. Sawasawa. Alisema tukitengana tuvae sawa. Ya Cyubahiro iko wapi?"

"Ndilo swali langu. Yeye anasema iko nyumbani. Mama anasema ilipotea. Mimi nikamwamini mama, nikamwona kijana mwongo. Sasa niambie wewe: mama gani anaficha kofia inayoweza kumtoa mwanawe jela?"

Wote wawili walikuwa wamefika mahali pamoja. Kofia ya Cyubahiro ikionyeshwa, jopo litauliza ya pili ni ya nani. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wahenga walisema; hawakusema mzazi afanye nini wakiwa wawili na mlango ni mmoja.

"Piga simu," Gatsinzi alisema. "Weka sauti. Usimwambie niko hapa."

Bulonza hakupenda jambo hilo. Lakini alihitaji maneno ya mama kuliko alivyohitaji kupenda. Akapiga.

"Mama, ni Bulonza. Shikamoo ya mbali."

"Papa Bulonza. Uko wapi?"

"Safarini. Mama, nakuuliza mara ya mwisho kabla ya Jumatatu. Profesa mmoja anasema ukiwa na mtoto mwingine wa kiume, ile namba yao inaanguka. Wanaweza kumwachia Cyubahiro. Gatsinzi ni nani?"

Kwa nyuma ilisikika redio ya nyimbo za dini, kisha ikapunguzwa.

"Gatsinzi ni mutoto ya Sebagabo," Nyirarukundo alisema. "Mimi Mungu alinipa wawili. Cyubahiro na Isaro. Njo iliandikwa."

"Una uhakika, Mama?"

"Wawili."

Gatsinzi alikuwa amefumba macho. Bulonza alitaka kukata simu, kwa huruma ambayo hakuizoea, lakini kijana aliinama mbele.

"Mama," alisema.

Sauti ya mama ikaja, tambarare, ya kumsalimia mtu wa mbali. "Gatsinzi. Habari ya baba yako Sebagabo?"

"Mama, kofia ya Cyubahiro iko wapi?"

"Sijue kofia."

"Iko wapi? Chini ya godoro? Mama, yuko ndani mwaka muzima kwa ajili ya kofia yangu!"

"Cyubahiro iko na wakili. Iko na karatasi ya kweli. Hakufanya kitu, Mungu anajua, watamwachia." Sasa sauti ilikuwa ikitetemeka. "Wewe uko na nini? Uko mutoto ya Sebagabo, donc baki mutoto ya Sebagabo. Wakijua ingine, watakurudisha kule. Kule kuna nani? Kuna makaburi."

"Niliisahau pale, Mama. Jumapili, kisha ya kanisa. Nilipita kwa Minani kununua samaki sambaza ya njiani. Kulikuwa joto, nikaivua, nikaweka kwa kaunta. Minani alinipa chai. Tulifika karibu ya Cincinnati njo nikajishika kichwa."

"Ulikuwa na nani?" Bulonza aliuliza. Ni mazoea, hata msibani angeuliza.

"Baba Sebagabo alikuwa kwa gari. Hakuingia."

Shahidi mmoja, basi. Naye hakuingia, na asubuhi hii hii alikuwa amemtazama Bulonza machoni na kumdanganya kwa upole. Bulonza alijifuta uso. Jana walikuwa elfu kumi na moja, wakawa arobaini. Sasa walikuwa wawili, na hao wawili wanakaa kwenye moyo wa mwanamke mmoja. Au hakuna hata mmoja: kofia ilibaki kaunta, na aliyempiga Minani aliingia baadaye, akatoka, na hajaombwa mate mpaka leo. Profesa aliyasema haya na Bulonza akayaona ni maneno ya kitabuni. Kofia inaeleza aliyeivaa. Je, kijana huyu anasema kweli? Alimtazama kwa jicho lake la zamani, la Bukavu, lililowahi kumtambua mwongo kwa namna anavyomeza mate. Halikumwambia kitu. Hakujua, na alichukia kutojua.

"Sikiliza," alisema. Akatoa mfukoni paketi ndogo ya karatasi, ndani yake kijiti cha pamba. Wakili alikuwa akimpa vya akiba. "Mama yako amekukana. Shahidi wa undugu sina. Kuna hiki tu. Ukinipa mate, maabara itasema wewe na Cyubahiro ni tumbo moja, na namba yao itaanguka mbele ya jopo. Lakini pia utakuwa umewapa mtu wa pili mwenye uso. Na habari ya dosiye itatoka. Watakufanya nini, sijui. Nikikuambia najua, nitakuwa nakudanganya. Nikishachukua, siwezi kurudisha."

"Cyubahiro alijua ni kofia yangu?"

"Nafikiri alijua siku ya kwanza alipoonyeshwa. Alisema tu si yake. Jina lako hakulitaja, mwaka mzima."

Gatsinzi alikubali kwa kichwa mara nyingi, taratibu. Akasogeza ile ndoo mpaka magoti yake yakagusana na ya Bulonza.

"Chukua," alisema.

"Papa Bulonza." Simu ilikuwa bado mezani, wazi. "Papa Bulonza, munafanya nini huko? Mbona munanyamaza?"

"Anataka kutoa mate, Mama."

Kitu kilianguka kule Louisville, kiti au meza, na sindano za kufumia zikasikika zikitawanyika sakafuni.

"Hapana! Gatsinzi! Usifungue! Gatsinzi, mutoto yangu, funga kinywa! Mutoto yangu!"

Gatsinzi aliitazama simu. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kovu la kidevu, naye akawa anatabasamu, akajifuta kwa mkono wa shati.

"Umesikia, Papa?"

"Nimesikia."

"Jumatatu utasema ulisikia?"

"Nitasema."

Gatsinzi akafungua kinywa.